Vifurushi vya vikundi vya usomaji: kipi kinamfikisha mwanafunzi kwenye jamii, kipi kinaishia njiani

"Hali hii ipo hata katika jamii yetu ya leo." Hakuna mwalimu wa fasihi asiyeijua sentensi hii. Mwanafunzi ametaja dhamira ya umaskini, ametoa mfano mmoja kitabuni, kisha akafunga aya kwa maneno hayo na kuhamia swali linalofuata. Kisarufi iko sawa, na pengine ni kweli pia. Ila hakuna kilichounganishwa. Kitabu kimebaki upande wake, jamii upande wake, na mwanafunzi hajaongeza chochote juu ya kimojawapo.

Vifurushi vya vikundi vya usomaji, yaani vya wanafunzi wachache wanaosoma kitabu kimoja na kukijadili pamoja, vya kununua na vya kupakua bure, vinaahidi kuondoa tatizo hilo. Ndani yake kwa kawaida utakuta karatasi za majukumu, jedwali la viunganishi (si vya sarufi, bali viungo kati ya kitabu na mambo mengine), daftari la safu mbili, kadi za maswali, na mwishoni mwongozo wa mradi pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Hapa tunavikagua kifaa kwa kifaa, si chapa kwa chapa, kwa sababu vinafanana mno: majalada mbalimbali, yaliyomo yale yale. Kipimo chetu ni kimoja. Kifaa kizuri kinamtoa mwanafunzi kitabuni, kinampeleka kwenye jambo la kweli lenye mahali, mwaka na watu, kisha kinamrudisha kwenye ukurasa alioanzia akiwa na jipya la kusema juu ya ukurasa huo. Kisichomrudisha kimefanya nusu ya kazi.

Ili tusiongee hewani, chukua riwaya ya kubuni ambamo kijiji kinahamishwa kupisha bwawa la umeme. Katika sura ya nne ofisa anafika na orodha ya nyumba. Bibi mmoja anamuuliza kama makaburi nayo yamo kwenye orodha. Ofisa anafunua karatasi inayofuata, anasoma jina jingine. Hajibu. Kila kifaa tutakipitisha kwenye kifungu hiki hiki.

Karatasi za majukumu

Hizi ndizo zinazojaza kurasa nyingi za kifurushi, na ndizo zinazofaa kwa muda mfupi zaidi. Zilienea kupitia kitabu cha Mmarekani Harvey Daniels cha mwaka 1994. Kila mwanakikundi anapewa kazi yake: mmoja anaongoza maswali, mwingine anateua vifungu, mwingine anachora, mwingine anafafanua msamiati, na mmoja ndiye mwunganishaji, yaani anayeleta uhusiano wa kitabu na maisha ya nje.

Kasoro ya kwanza iko hapo hapo. Uhusiano wa kitabu na jamii umefanywa zamu ya mtu mmoja. Wiki ambayo si zamu yako, huna haja ya kufikiria. Ya pili huonekana ndani ya dakika kumi za kikao: kila mmoja anasoma karatasi yake kwa sauti, wenzake wanasubiri zamu zao, anayefuata anasoma, na wa mwisho akimaliza kikao kimekwisha. Hakuna aliyemjibu mwenzake. Daniels mwenyewe, katika toleo la pili la mwaka 2002, alionya kwamba karatasi hizi zinaweza kuyafanya mazungumzo yawe ya kimashine, na kwamba zilikusudiwa kuwa za kuanzia tu. Watengenezaji wa vifurushi wanaendelea kuziweka mbele kabisa, labda kwa sababu ndizo rahisi kuchapa.

Zitumie vikao viwili vya kwanza, kisha ziweke kando. Kikundi kiwe cha wanafunzi wanne au watano. Watatu ni wachache mno, kwani mmoja akikosa mnabaki na mazungumzo ya watu wawili. Kuanzia sita, kuna wawili watakaokaa kimya mpaka mwisho. Kikao cha dakika 30 kinatosha: tano za kupitia maandishi kimya, ishirini za mazungumzo, tano za kuandika kilichobadilika. Hizo tano za mwisho ndizo zinazokatwa kengele ikikaribia, na kuzikata ni hasara, maana ndipo mwanafunzi anaporudi kitabuni.

Kama lazima ubaki na majukumu, futa lile la mwunganishaji na uweke jukumu ambalo halimo kwenye vifurushi: mdai ukurasa. Kazi yake ni kuuliza swali moja kila mtu anapotaja jambo la nje: "Limeanzia ukurasa gani, na kwa neno gani?" Mwanzoni anaonekana mkorofi. Baada ya vikao viwili vitatu wenzake huanza kujiuliza swali hilo wenyewe kabla hajafungua mdomo, na hapo jukumu lake limekwisha.

Jedwali la viunganishi

Safu tatu: kitabu na mimi, kitabu na kitabu, kitabu na dunia. Mgawanyo huu ulipata umaarufu kupitia kitabu cha walimu cha Ellin Oliver Keene na Susan Zimmermann cha mwaka 1997, na leo uko kila mahali, mpaka kwenye alama za kuwekea kitabu. Ni mgawanyo mzuri wa kumfundisha mtoto kwamba viungo vipo vya aina nyingi. Kwa mwanafunzi wa sekondari haumfikishi mbali.

Tatizo lake ni kwamba unapima idadi. Jedwali lina vyumba tupu, mwanafunzi anataka kuvijaza, na njia ya mkato ya kujaza ni kufananisha. "Bibi ni kama bibi yangu." "Hii ni kama kile kitabu tulichosoma mwaka jana." "Watu wanahamishwa duniani." Viungo vitatu, alama tatu, na hakuna hata kimoja kinachogusa kwamba ofisa *hakujibu*.

Dawa yake ni ya bei ya kalamu na rula. Chora safu ya nne, iite Tofauti. Kila kiungo kikiandikwa, mwanafunzi aseme ni wapi kitabu na jambo la nje vinaachana. Mfanano humpa mtu raha ya kutambua, tofauti inamlazimisha kufikiri. Kwenye riwaya yetu kijiji kizima kinahamishwa siku moja, kwa sababu mwandishi anahitaji tukio. Uhamishaji wa kweli huchukua miaka: kuna uchunguzi, uthamini, fidia ya awamu, watu wanaohama mapema na watu wanaogoma. Kwa nini mwandishi amebana miaka kuwa siku? Amepata nini, na nani ametoweka katika kubana huko? Hilo ni swali la fasihi na la jamii kwa pamoja, na limetoka kwenye safu ambayo haimo katika kifurushi.

Kuna jambo jingine kuhusu safu ya "kitabu na mimi", na hili tunalisema kwa ukali kidogo. Vifurushi kadhaa vinashauri majedwali yabandikwe ukutani. Kitabu kinapohusu kipigo nyumbani, kufukuzwa kwenye nyumba, ulevi wa mzazi au njaa, darasani kuna mwenye mambo hayo kwake. Kumtaka ajaze safu hiyo na kuibandika ni kumtaka achague kati ya kudanganya na kujianika. Safu hiyo iwe ya hiari, ibaki daftarini, isisahihishwe, na maswali ya kikundi yaulizwe kwa mtu wa tatu: "Mtu aliye katika hali ya mhusika huyu angehitaji nini?" badala ya "Je, imewahi kukutokea?" Kila mwanafunzi awe na haki ya kusema "napita" bila kutoa sababu. Na mwalimu ajue mapema atampeleka wapi mwanafunzi atakayefichua jambo zito, kwa sababu kitabu kizuri humfungua mtu.

Daftari la safu mbili

Hiki ndicho kifaa tunachokipa alama za juu, na ajabu ni kwamba hakihitaji kifurushi. Ukurasa unagawanywa kwa mstari wa wima. Kushoto yanakaa maneno ya kitabu na namba ya ukurasa. Kulia yanakaa maneno ya msomaji.

Kinachokifanya kifaulu ni ile safu ya kushoto. Mwanafunzi hawezi kuanza na "umaskini". Lazima aanze na sentensi iliyoandikwa na mwandishi. Hata hivyo, kikitolewa bila maelekezo kinaharibika kwa njia tatu. Wengine hunakili aya nzima upande wa kushoto ili ukurasa ujae. Wengine upande wa kulia huandika "nimeipenda sentensi hii" au "inasikitisha". Na wengine hueleza tu kwa maneno mengine kilichosemwa kushoto.

Kwa hiyo weka masharti haya. Nukuu isizidi sentensi mbili. Nukuu tatu kwa kila mgawo wa kusoma wa kurasa 30 hadi 40. Zaidi ya hapo usomaji unageuka kuwinda nukuu. Upande wa kulia usipungue mistari mitano, na uwe na vitu viwili: kilichomshtua au kumtatiza kwenye maneno yenyewe, na swali moja ambalo kitabu hakilijibu. Kisha acha robo ya chini ya ukurasa wazi. Robo hiyo ndiyo nyongeza yetu kubwa. Haijazwi siku hiyo, inajazwa baada ya mwanafunzi kutafuta habari za nje, na inaanza kwa maneno "Sasa nikisoma tena..."

Tuone kwenye kifungu chetu. Kushoto: ofisa anafunua karatasi na kusoma jina jingine. Kulia, jaribio la kwanza la kawaida: "Ofisa hana heshima kwa wazee. Viongozi wengi wako hivi." Hii ndiyo "hali hii ipo katika jamii yetu" iliyovaa nguo nyingine. Mrudishe mwanafunzi kwenye maneno: amefanya nini hasa? Hakukataa, hakukemea. Aliendelea na orodha. Jaribio la pili linatoka hivi: "Ofisa hakusema makaburi hayahesabiwi. Hana tu safu ya kuyaandika. Swali: nani aliamua orodha iwe na safu zipi?" Hapo tuna swali linaloweza kutafutiwa jibu nje ya kitabu.

Na jibu lipo. Bwawa la Kariba kwenye mto Zambezi, lililojengwa miaka ya 1950, liliwahamisha Watonga, wenyeji wa bonde hilo, wapatao 57,000, na makaburi na mahali pao pa matambiko vilibaki nyuma kufunikwa na maji. Tume ya Dunia ya Mabwawa, katika ripoti yake ya mwaka 2000, ilikadiria kwamba mabwawa makubwa yalikuwa yamewahamisha watu kati ya milioni 40 na milioni 80 duniani kote. Mwanafunzi wa kawaida ataandika "milioni 80" na kufurahia ukubwa wa namba. Mwanafunzi aliyezoeshwa daftari hili atauliza mbona kati ya namba hizo mbili kuna pengo la watu milioni 40. Ripoti yenyewe inasema wengi walioathirika hawakutambuliwa wala kuhesabiwa kama waliohamishwa, na kwa hiyo hawakupata makazi mapya wala fidia.

Robo ya chini sasa inajiandika yenyewe: "Sasa nikisoma tena, naona orodha ndiyo yenye nguvu kuliko ofisa. Bibi hakuwa akiomba huruma. Alikuwa akiuliza kama yumo."

Hayo ndiyo malipo yote ya zoezi. Mwanafunzi amejifunza jambo la kweli kuhusu mabwawa na amekisoma kifungu vizuri kuliko alivyokisoma mara ya kwanza. Kwa kukadiria muda: nukuu na majibu ya kwanza ni dakika 20 za kazi ya nyumbani, utafutaji ni kipindi kizima, robo ya chini ni dakika 10. Usijaribu kubana utafutaji kwenye kipindi kile kile cha majadiliano. Wanafunzi watachukua tokeo la kwanza mtandaoni na kunakili.

Kusahihisha madaftari 40 yote kila wiki hakuwezekani, na mwalimu anayejaribu huacha kabla muhula haujafika katikati. Kusanya kumi kwa zamu, soma nukuu moja tu ambayo mwanafunzi mwenyewe ameiwekea nyota, andika swali moja pembeni. Usirekebishe tahajia humo.

Kadi za maswali

Kadi zinazokuja na vifurushi ni nzuri kwa macho. Maswali yake ni ya aina ya "Je, mhusika huyu anakukumbusha nani?" au "Mwandishi anatufundisha nini kuhusu usawa?" La pili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu limeshaamua kwamba kitabu kinafundisha na kwamba mada ni usawa. Mwanafunzi anabaki kukisia jibu lililo kichwani kwa mwalimu.

Badala ya kununua kadi, wafundishe kutunga maswali. Utaratibu wa waelimishaji Dan Rothstein na Luz Santana, waliouchapisha mwaka 2011, ni wa kufuata bila kubadili sana. Mwalimu haleti swali, analeta kauli, kwa mfano: "Bibi aliuliza kuhusu makaburi; ofisa hakujibu." Kikundi kinatunga maswali kwa dakika tano au sita kwa kanuni nne: ulizeni maswali mengi kadiri mwezavyo; msisimame kujadili, kuhukumu wala kujibu; andikeni kila swali kama lilivyosemwa; kauli yoyote igeuzwe kuwa swali. Kisha wanayatenga maswali yaliyofungwa, ya jibu la ndiyo au la na mengine mafupi, na yaliyo wazi, ambayo yanadai maelezo. Wanageuza angalau moja la kila aina kuwa la aina nyingine, halafu wanachagua matatu na kusema kwa nini hayo.

Kanuni ya pili ndiyo inayovunjwa daima, na anayeivunja mara nyingi ni mwalimu. Akisema "swali zuri sana!" kwa mmoja, wengine wote wanaanza kutunga maswali ya kumfurahisha. Sema "asante" kwa kila swali kwa sauti ile ile, au nyamaza. Kosa la pili ni kauli pana mno. "Watu wanahamishwa" huzaa maswali ya jumla, "ofisa hakujibu" huzaa maswali kama "Fidia hulipwa mwenye nyumba au anayeishi ndani?" na "Nani huthibitisha kwamba orodha imekamilika?"

Kadi ulizo nazo tayari usizitupe. Zigeuze upande mweupe, waandike maswali yao.

Ukurasa wa utafiti

Hapa vifurushi hupwaya. Vingi vinaweka ukurasa mmoja wenye kichwa "Chunguza suala hili" na mistari mitupu. Mwanafunzi anaandika "uchafuzi wa mazingira" kwenye kitafutio na kurudi na aya ambayo ingefaa kitabu chochote.

Kabla ya kutafuta, suala lipunguzwe mpaka liwe na vitu vinne: nani, wapi, lini, na nani mwenye uamuzi. "Ajira ya watoto" ni pana mno. "Watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu, na nani hukagua machimbo hayo" linatafutika. Vyanzo viwe angalau viwili vya aina mbalimbali: kimoja cha takwimu au ripoti rasmi, kingine kinachobeba sauti ya waliokumbwa na jambo lenyewe, kama mahojiano au ushuhuda ulioandikwa. Kila namba iandikwe pamoja na mwaka wake na maana ya kinachohesabiwa, kwa sababu "waliohamishwa", "walioathirika" na "waliolipwa" ni hesabu tatu tofauti, na magazeti huzichanganya kila siku.

Na lisemwe wazi darasani: riwaya si ushahidi wa takwimu. Huwezi kuthibitisha kwamba fidia hucheleweshwa kwa sababu mhusika alicheleweshewa. Riwaya hukuonyesha namna jambo linavyoonekana kwa aliye ndani yake na jinsi linavyosimuliwa. Kinyume chake pia ni kweli: ripoti haiwezi kusahihisha riwaya kana kwamba mwandishi alikosea hesabu. Kuna pia miaka miwili ya kutofautisha, mwaka ambao hadithi inatokea na mwaka ambao kitabu kimeandikwa. Mwandishi anayesimulia uhamishaji wa miaka 40 kabla ya siku aliyoandika huenda anaisema serikali ya wakati anapoandika. Kifurushi kisicho na nafasi ya kuandika miaka yote miwili kina upungufu mkubwa.

Orodha ya vitabu

Tupite haraka. Vifurushi vingine vina orodha ya vitabu vilivyopangwa kwa masuala: ukimbizi, jinsia, ulemavu, rangi. Mpango huo unarahisisha kuchagua na unaharibu usomaji, maana mwanafunzi anafungua kitabu akijua tayari kinahusu nini na hatafuti kingine. Rudine Sims Bishop, mtafiti wa fasihi ya watoto, aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu vinaweza kuwa vioo vya kujiona na madirisha ya kuona maisha ya wengine; shuleni sisi tumeshika kioo peke yake, "fasihi ni kioo cha jamii", tukasahau dirisha. Ukikagua orodha, tazama jambo moja: je, kundi fulani la watu linaonekana pale tu linapoteseka? Kama vitabu vyote vyenye mhusika mlemavu ni vya majonzi, tafuta angalau kimoja ambamo mhusika wa namna hiyo anafanya ujanja, anapenda, anakosea na kuchekesha.

Kuandika pembezoni kwa pamoja mtandaoni

Huduma kama Hypothesis humwezesha mwanafunzi kupigia mstari maneno ya ukurasa wa mtandao au wa faili la PDF, kuandika maoni yake yakashikamana na maneno hayo, na wenzake wakayajibu. Kwa kipimo chetu ni kifaa chenye mantiki nzuri, kwa sababu maoni hayawezi kuwepo bila maneno yanayoyashikilia. Kazi ya mdai ukurasa inafanywa na programu yenyewe.

Ila mambo mawili yaangaliwe kabla ya siku ya kwanza. Maoni kwa kawaida huenda kwenye uwanja wa wazi usipochagua kikundi, kwa hiyo unda kikundi cha faragha, wape wanafunzi kiungo chake, na wahakikishe jina la kikundi linasomeka juu ya kidirisha kabla ya kuandika. Mwanafunzi mmoja tu akisahau, maoni yake yanasomwa na dunia nzima. Pili, faili lililopigwa picha kwa skana bila kutambuliwa maandishi halipigiki mstari. Kwa programu, ukurasa huo ni picha tu. Jaribu kwanza kuchagua neno moja kwa kipanya: likichagulika, faili linafaa, lisipochagulika, lipitishe kwenye programu ya kutambua maandishi. Faili liwe moja kwa wote, lisiwe kila mtu na nakala aliyoitoa kwake, la sivyo maoni yatatawanyika. Na haki za mwandishi zinabaki pale pale: riwaya nzima iliyo kwenye maduka haipandishwi mtandaoni kwa sababu tu ni ya darasa. Tumia kifungu kifupi, au matini ambayo muda wake wa haki umekwisha.

Kasoro yake nyingine ni wingi. Darasa la watu 40 kwenye ukurasa mmoja hujaza rangi mpaka maandishi hayaonekani. Watu wanane hadi kumi kwa kikundi kimoja, maoni mawili na jibu moja kwa kila mmoja, basi.

Mradi wa mwisho

Karibu kila kifurushi kinaishia kwenye bango. "Tengeneza bango la kuelimisha jamii." Bango lina mkono unaoshika dunia na maneno "Tuseme hapana". Linachukua vipindi viwili vya kuchora na halimtaki mwanafunzi ajue chochote.

Badilisha kwa barua. Barua ina mpokeaji, na mpokeaji anamlazimisha mwanafunzi ajue nani ana uwezo wa kubadili nini. Iwe ya ukurasa mmoja, yenye ombi moja linaloweza kutekelezwa, namba moja yenye mwaka na chanzo, na kifungu kimoja cha kitabu kilichotumika kwa sababu. Sharti la mwisho ndilo gumu. Mwanafunzi akishindwa kueleza kwa nini kifungu kimo, kitoe, na barua ibaki bila fasihi; ni heri hivyo kuliko nukuu ya kupamba. Kutuma barua kuwe hiari ya mwanafunzi, na isitumwe ikiwa na jina la mtu aliyesimulia habari zake kwa siri.

Katika kusahihisha, usitoe alama kwa msimamo. Mwanafunzi anayehitimisha kwamba bwawa lilistahili kujengwa, kwa sababu umeme wake unawahudumia watu wengi, apate alama sawa na anayelipinga, mradi wote wawili wamerudi kwenye ukurasa na kuleta ushahidi. Miongozo mingi ya kusahihisha ina kipengele cha "ameonyesha kujali". Kifute. Hakipimiki, na wanafunzi hujifunza upesi kukiigiza.

Ununue nini, basi

Kwa darasa kubwa lisilo na mtandao, usinunue kifurushi. Daftari moja la kurasa 96 kwa kila mwanafunzi, kauli moja ya mwalimu kwa wiki ya kutungia maswali, na ripoti mbili tatu zilizochapwa kwa nakala chache za kuzungushana vinafanya kazi yote tuliyoieleza. Kwa darasa dogo lenye kompyuta, ongeza huduma ya kuandika pembezoni. Kifurushi chenyewe kina faida kwa mwalimu mgeni anayehitaji kuona kikao kinapangwaje. Achukue karatasi za majukumu za vikao viwili na jedwali la viunganishi lenye safu ya nne aliyoichora mwenyewe.

Ukichapa, chapa daftari kwa upande mmoja wa karatasi. Wino wa kalamu hupenya, na ile robo ya chini ikichafuka kabla ya siku yake mwanafunzi ataandika mstari mmoja tu.